Hoteli ya Roma kabla ya meli ya Civitavecchia: uchambuzi wa kisa cha familia moja

Usuli

Watu wanne, usiku tatu Roma, kisha wiki moja baharini. Katika kikundi hicho alikuwamo bibi wa miaka 70 na ushee aliyewekewa goti la bandia, binti yake, mkwe wake, na mjukuu wa miaka 12. Humu nitawaita Bibi, Binti, Mkwe na Mjukuu. Majina, tarehe, kampuni ya meli na hoteli zote nimeziondoa. Mtiririko wa mambo nimeuacha ulivyokuwa, na Binti amelisoma andiko hili na kuliridhia.

Tiketi ya meli ilisema safari inaanzia Roma. Kwa kweli meli za kitalii za Roma hufunga gati Civitavecchia, mji wa pwani ulio kilomita 70 hivi kaskazini magharibi ya jiji. Kaisari Trajan ndiye aliyejenga bandari hiyo mwanzoni mwa karne ya 2, kwa hiyo kuiita bandari ya Roma si uongo. Ila msafiri asiyelijua hilo huchagua hoteli kana kwamba meli itakuwa inamsubiri mtaa wa pili.

Meli ilikuwa ing'oe nanga Ijumaa saa 11 jioni. Kampuni ilitaka abiria wote wawe wamekamilisha taratibu saa moja na nusu kabla, na familia ilipangiwa kuingia melini saa 7 mchana. Ndege yao ilikuwa ya usiku, ikitua uwanja wa ndege wa Fiumicino Jumanne alfajiri. Njia ya meli ilipita Ugiriki na Uturuki kabla ya kurudi Italia. Hapo Binti alifanya jambo ambalo wengi hulisahau: aliomba viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu kutoka Uturuki na kurudi Italia huhesabiwa kuwa kuingia upya. Hilo lilimalizwa mapema, nami sitalirudia.

Bibi alikuwa na ombi moja tu. Alitaka kuona Kanisa la Mtakatifu Petro na dari yenye michoro ya kanisa dogo la Sistina, vyote viko Vatican, kwa macho yake, bila kukimbizwa. Mkwe alitaka Colosseum, uwanja wa kale wa michezo wa Warumi. Mjukuu alitaka chochote kisichokuwa jumba la makumbusho. Binti alitaka kulala.

Hoteli ya kwanza, iliyofutwa

Mkwe ndiye aliyeanza kutafuta, na alianza na ramani. Aliona Roma upande mmoja, Civitavecchia upande wa pili, na uwanja wa ndege wa Fiumicino ukiwa pwani katikati yao. Akabuku vyumba viwili karibu na uwanja wa ndege kwa usiku zote tatu. Bei ilikuwa nzuri, kifungua kinywa kilikuwamo, na gari la hoteli lilikuwa likichukua wageni bure uwanjani.

Mantiki yake inaeleweka, na ninaiona mara nyingi: mtu anayekwenda sehemu mbili anatafuta mahali pa kati. Tatizo ni kwamba mahali pa kati si mojawapo ya sehemu anazokwenda. Kila asubuhi wangengoja gari la hoteli liwafikishe stesheni ya uwanja wa ndege. Kutoka pale wangepanda treni ya Leonardo Express, ambayo hufika Termini, stesheni kuu ya Roma, kwa dakika 32, kisha metro. Jioni wangerudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa Mkwe hiyo ni saa moja na zaidi kila upande. Kwa Bibi ilikuwa na maana nyingine kabisa: akishatoka asubuhi harudi mpaka usiku, maana hakuna anayesafiri umbali huo saa 6 mchana kwenda kunyoosha mguu nusu saa.

Binti aliuliza swali lililobadilisha upangaji wote. Aliuliza: "Mama akichoka saa saba mchana, anarudije hotelini, na nani anarudi naye?" Kwa hoteli ile ya uwanja wa ndege jibu lilikuwa kwamba harudi. Mkwe alikuwa amechagua bei inayoruhusu kughairi bila gharama, akaghairi.

Maeneo manne mezani

Baada ya hapo walibaki na maeneo manne. Nitayaeleza bila kuyapa uzito sawa, kwa sababu mawili yalianguka haraka.

La kwanza kuanguka lilikuwa Civitavecchia yenyewe. Ni mji unaofaa kwa usiku mmoja kwa mtu anayefika jioni na meli yake ni kesho yake. Ukitaka kuona Roma ukiwa unalala huko, treni ya mkoa hukuchukulia saa moja na zaidi kila upande.

La pili lilikuwa kitovu cha kale, kati ya hekalu la kale la Pantheon na uwanja wa Piazza Navona. Hapo ndipo picha zote zinapotoka na ndipo Mkwe alipopapenda. Mtu hutoka mlangoni akaingia moja kwa moja kwenye utalii. Hata hivyo hakuna stesheni ya metro katikati ya eneo hilo, na magari ya kawaida yanazuiwa kuingia kwa saa nyingi za siku, ingawa teksi zinaruhusiwa. Barabara zimetandikwa mawe madogo meusi yanayoitwa sampietrini, ambayo yana mapengo na mabonde, na yakilowa yanateleza. Kijana huyaona ni pambo, mwenye goti la bandia huyaona ni mtihani. Bei nayo ilizidi ya maeneo mengine kwa karibu theluthi.

Yalibaki Termini na Prati, na hapo palikuwa na mjadala wa kweli.

Termini ndiyo stesheni kuu. Njia mbili za metro, A na B, hukutana hapo. Treni ya uwanja wa ndege hufika hapo bila kusimama, na treni ya Civitavecchia huondokea hapo hapo. Colosseum ni vituo viwili tu vya njia B. Ukipanga safari kwa karatasi, Termini inashinda. Hasara zake hazionekani kwenye karatasi. Treni za Civitavecchia mara nyingi huondokea kwenye majukwaa ya mbali, mwendo mrefu kutoka ukumbi mkuu huku unavuta sanduku. Mitaa ya jirani ina hoteli nzuri na mbovu zilizobanana, nyingine zikiwa kwenye ghorofa moja tu ya jengo la watu wengi. Na kutoka hapo hadi Vatican, ambako Bibi ndiko alikotaka kwenda, ni kulivuka jiji.

Prati iko ng'ambo ya mto Tiber, kaskazini mashariki mwa Vatican. Mtaa huu ulijengwa baada ya Roma kuwa mji mkuu wa Italia iliyoungana, mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo barabara zake zimenyooka, ni tambarare, na njia za waenda kwa miguu ni pana. Metro A ina vituo vyake Lepanto na Ottaviano. Kutoka huko hadi Spagna na Barberini, yaani karibu na Ngazi za Kihispania na chemchemi ya Trevi, ni vituo vichache. Kasoro yake ni kwamba kwenda Colosseum lazima ubadilishe treni njiani, kwa kawaida Termini, na stesheni ya Roma San Pietro, ambako treni ya Civitavecchia husimama, iko upande wa pili wa Vatican.

Hapa pana jambo ambalo matangazo ya hoteli hayalisemi. "Karibu na Vatican" ina milango miwili. Kanisa la Mtakatifu Petro unaliingia kupitia uwanja wake, upande wa mashariki. Makumbusho ya Vatican, yenye dari ya Sistina, mlango wake uko Viale Vaticano, upande wa kaskazini, na kutoka uwanjani unazunguka ukuta kwa mwendo wa robo saa. Hoteli iliyo kusini, jirani na stesheni ya San Pietro, inaweza kutangaza kwamba iko dakika kumi kutoka Vatican na ikawa kweli, lakini ni dakika kumi hadi kanisani. Binti alipima umbali wa kila hoteli hadi milango yote miwili, na hapo hoteli mbili zilizoonekana sawa zikawa hazilingani tena.

Uamuzi na sababu zake

Walichagua Prati, hoteli ya nyota nne iliyo hatua chache kutoka kituo cha Ottaviano. Sababu kubwa ilikuwa goti la Bibi, lakini namna walivyoifikia ndiyo yenye somo. Binti aliorodhesha safari zote ambazo familia ingezifanya kutoka hotelini katika siku tatu: kutoka asubuhi, kurudi mchana, kutoka jioni, kurudi usiku. Zilikuwa nyingi. Kisha akahesabu safari ya bandarini. Ilikuwa moja. Hoteli ya Termini ingerahisisha ile moja na kuzifanya ngumu kadhaa. Hoteli ya Prati ingefanya kinyume chake.

Nakubaliana na hesabu hiyo, na ningeongeza kwamba safari ya bandarini ndiyo pekee unayoweza kuitatua kwa fedha. Unalipa gari, linakuja mlangoni, limekwisha. Ngazi za metro na mwendo wa mchana hakuna anayekuuzia msamaha wake.

Walifanya maamuzi mengine matatu madogo. Walilipa zaidi kidogo ili wapate bei inayoweza kughairiwa mpaka siku chache kabla. Waliomba vyumba viwili vinavyotazamana, ghorofa ya chini kadiri inavyowezekana. Na waliweka akiba ya kodi ya utalii ya jiji, ambayo haimo kwenye bei ya mtandaoni na hulipwa hotelini kwa kila mtu kwa kila usiku. Kwa nyota nne ilikuwa euro 7.50, na watoto walio chini ya miaka 10 ndio wanaosamehewa. Mjukuu wa miaka 12 alilipiwa. Kwa watu wanne na usiku tatu ni euro 90, kiasi kinachoweza kubadili mpangilio wa hoteli mbili zilizokaribiana bei.

Ratiba nayo ilifuata siku za juma. Jumatano asubuhi Papa hukutana na mahujaji, na kanisa hufungwa kwa watalii mpaka mchana. Kwa hiyo Jumatano ilipewa Colosseum na Alhamisi ikapewa Vatican. Kama siku zao zingekuwa Ijumaa hadi Jumapili, hesabu ingekuwa tofauti kabisa, maana Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili isipokuwa ya mwisho ya mwezi, na siku hiyo kuingia ni bure na foleni yake inajulikana.

Jumanne: kufika

Ndege ilitua kwa wakati. Sanduku moja halikuonekana. Familia ilijaza fomu na kuandika anwani ya hoteli, na sanduku likaletwa hapo Jumatano jioni. Dawa za Bibi zilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, kwa hiyo hasara ilikuwa nguo za Mkwe tu. Hili ni tukio dogo, lakini ndilo hoja yangu kubwa kwa wanaotaka kutua asubuhi ya siku ya meli. Sanduku lililochelewa hufuata anwani isiyohama. Meli huhama kila usiku.

Teksi ya kawaida ilikataa watu wanne na masanduku yao, ikabidi wachukue kubwa. Kuna jambo jingine hapo: nauli maalumu ya teksi kutoka Fiumicino imewekwa kwa anwani zilizo ndani ya Kuta za Aurelianus, ukuta wa kale wa karne ya 3. Sehemu kubwa ya Prati iko nje ya ukuta huo. Mkwe, aliyekuwa amesoma juu ya nauli hiyo na kuitegemea, aliona mita ikiwashwa.

Walifika hotelini kabla ya saa 4 asubuhi. Vyumba vingekuwa tayari saa 8 mchana. Mapokezi walikuwa waungwana, wakahifadhi mizigo na kuwapa kahawa, lakini Bibi alikuwa hajalala usiku kucha. Aliketi kwenye kiti cha mapokezi saa nne nzima, mguu ukiwa juu ya begi. Binti alibaki naye. Mkwe na Mjukuu walikwenda kuzunguka ngome ya Castel Sant'Angelo. Jioni mguu wa Bibi ulikuwa umevimba, na mpango wa kwenda Trevi ukafutwa.

Jumatano: Colosseum, na vidato saba

Asubuhi ndipo vidato vilipogundulika vizuri. Tangazo la hoteli lilisema lifti ipo, na kweli ilikuwapo. Ila kutoka mlango wa barabarani hadi kwenye lifti kulikuwa na vidato saba vya marumaru, bila mshikio upande mmoja. Majengo mengi ya umri huo Roma yako hivyo: lifti iliingizwa baadaye, mahali palipopatikana nafasi, na ngazi za mlangoni zikabaki. Bibi alivipanda na kuvishuka vidato hivyo kila alipotoka na kurudi, kwa siku zote tatu, akiwa amemshika Mjukuu bega.

Metro kwenda Colosseum ilikuwa ngumu kuliko walivyotarajia. Kubadilisha kutoka njia A kwenda B pale Termini ni mwendo wa chini ya ardhi, ngazi na umati wa asubuhi. Tiketi za Colosseum huandikwa jina la mwenye nazo na saa ya kuingia, na mlangoni hulinganishwa na kitambulisho, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kusimama kupumua. Walifika dakika chache kabla ya saa yao. Ndani Bibi alipandishwa kwa lifti ya wasioweza ngazi, akaona alichotaka kuona, akasema yatosha.

Hapo swali la Binti lilijibiwa kwa vitendo. Ilikuwa saa 6 mchana. Binti na Bibi walichukua teksi hadi Prati. Mkwe na Mjukuu waliendelea na magofu ya Jukwaa la Kirumi (Roman Forum) na kilima cha Palatino, ambavyo vimo kwenye tiketi ile ile. Bibi alilala saa mbili. Jioni wote wanne walikaa pamoja mezani, kitu ambacho Jumanne kilishindikana.

Usiku huo mapokezi waliwapa habari: Ijumaa kungekuwa na mgomo wa reli.

Ijumaa inabadilika

Kabla ya kueleza walichofanya, ni vizuri kujua mgomo wa Italia unavyofanya kazi, kwa sababu mgeni akisikia neno hilo hudhani kila kitu kitasimama bila taarifa. Sheria namba 146 ya mwaka 1990 inataka migomo ya huduma muhimu itangazwe mapema na huduma ya chini kabisa iendelee. Kwa treni za mkoa siku za kazi, huduma hiyo hulindwa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Katikati ya hapo treni inaweza kuwapo au isiwepo. Migomo mingi huangukia Ijumaa. Kwa anayepanda meli Ijumaa Civitavecchia, hilo si la kushangaza hata kidogo, ni la kuwekwa kwenye mpango tangu mwanzo.

Mpango wao wa awali ulikuwa teksi hadi stesheni ya San Pietro, kisha treni ya saa 5 asubuhi, kwa takriban euro 5 kwa mtu. Treni hiyo iliangukia nje ya saa zilizolindwa. Walikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuwahi treni ya kabla ya saa 3. Mkwe aliipendelea, maana ilikuwa ya bei ile ile na ina ulinzi wa sheria. Lakini ingewafikisha Civitavecchia asubuhi mno, wakati meli ingali inateremsha abiria wa wiki iliyopita. Kutoka stesheni ya Civitavecchia ni lazima ufike Largo della Pace, ambako basi la bandari huchukua abiria bure hadi melini, kisha usubiri. Jumanne walikuwa wameshaona kinachompata Bibi akisubiri kwenye kiti saa nne.

Ya pili ilikuwa basi la kampuni ya meli. Basi hilo lilianzia uwanja wa ndege, kwa hiyo wangelazimika kwanza kurudi Fiumicino, siku ambayo kila teksi ingetafutwa.

Ya tatu ilikuwa gari la kukodi la watu wanane, mlango hadi bandarini, euro 240. Mkwe aliona ni nyingi. Mhudumu wa mapokezi ndiye aliyeliokoa jambo: aliuliza wageni wengine na kupata wanandoa wawili na mtoto wao waliokuwa wakienda meli ile ile. Wakagawana nusu kwa nusu. Gari lilibukiwa Jumatano usiku, kabla habari ya mgomo haijaenea kwa wageni wa jiji zima. Kufikia Alhamisi jioni, kwa maelezo ya mhudumu huyo huyo, wageni wengine walikuwa wakiambiwa magari yamekwisha.

Alhamisi na Ijumaa

Alhamisi ilikwenda vizuri kiasi kwamba hakuna mengi ya kusema. Waliingia Makumbusho ya Vatican saa 2 asubuhi kwa tiketi za mtandaoni, baada ya mwendo mfupi wa tambarare kutoka hotelini. Ndani waliazima kiti cha magurudumu, jambo ambalo Bibi alilikataa kwa dakika tano na kulishukuru kwa saa tatu. Aliketi chini ya dari ya Sistina kwa muda alioutaka yeye. Akarudi kulala. Alasiri akaenda kanisani na Binti kwa teksi ya dakika chache. Usiku wakaona Trevi na Pantheon kwa nje.

Ijumaa gari lilikuja saa 4 na nusu asubuhi. Saa 6 mchana walikuwa bandarini, masanduku yakachukuliwa, na saa 7 wakaingia melini. Hawakupanga utalii wowote asubuhi hiyo, ingawa Mkwe alikuwa na wazo la "kanisa moja la haraka".

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kuipima hoteli kwa safari ya kurudi mchana. Watu wengi hupima umbali wa kwenda, wakiwa wamelala vizuri na miguu ni mipya. Umbali wa kurudi ndio unaoamua kama mzee au mtoto atapumzika au ataburutwa. Prati ilimpa Bibi usingizi wa mchana siku mbili mfululizo, na ndiyo sababu alikuwa na nguvu za jioni.

Pili, usiku tatu zilitosha kumeza matatizo mawili, sanduku na mgomo, bila moja kugusa meli. Usiku moja ingemeza moja labda. Sizungumzii anasa hapa. Abiria anayeachwa na meli huifuata bandari inayofuata kwa gharama zake.

Tatu, hoteli yenye mapokezi ya saa zote iliwalipa. Habari ya mgomo, gari na wenza wa kugawana gharama vyote vilitoka kwa mtu aliyekaa nyuma ya meza. Kwenye nyumba ya kupanga yenye funguo za kisanduku, bei ingepungua na hakuna ambaye angewaambia kitu. Kwa safari yenye saa isiyosogezwa kama ya meli, ningelipa tofauti hiyo.

Kilichoshindikana waziwazi ni Jumanne asubuhi. Ndege ya alfajiri na chumba cha saa 8 mchana ni mambo mawili yanayojulikana miezi kabla. Suluhisho zipo mbili: kulipia usiku wa Jumatatu kwa chumba kimoja ili kiwe tayari alfajiri, au kuomba kwa maandishi chumba kimoja mapema na kulipia nyongeza. Chumba kimoja kingetosha, maana aliyehitaji kulala alikuwa mmoja, wawili kwa kuzidi. Familia ilijadili maeneo ya hoteli kwa wiki kadhaa na haikujadili hata mara moja saa nne hizo.

Vidato saba navyo vingeweza kujulikana. Kuuliza "Je, mna lifti?" huleta jibu la ndiyo, nalo ni kweli. Swali lenye faida ni: kutoka barabarani hadi kitandani, kuna vidato vingapi, na bafu ni la kuingia kwa kuvuka ukingo au sakafu ni moja? Mhudumu akijibu kwa idadi, ameangalia. Akijibu kwa maneno mazuri, muulize tena. Picha za mlango wa barabarani zilizopigwa na wageni husaidia kuliko picha za hoteli yenyewe, ambazo kwa kawaida huanzia ndani.

Metro ya Jumatano naihesabu kuwa kosa la wastani. Teksi ya asubuhi kwenda Colosseum ingekuwa na faida kubwa kuliko ile ya kurudi, maana Bibi alitumia nguvu zake za siku nzima kwenye ngazi za Termini kabla hajaiona Colosseum. Mkwe bado anasema wangelala Termini tatizo hilo lisingekuwapo. Kwa siku hiyo moja ni kweli. Kwa Alhamisi tatizo lingehamia upande wa pili, na kwa Ijumaa, treni ikiwa imegoma, kulala juu ya stesheni kusingewapa chochote.

Ila hoja yake ina mahali pake. Kama kikundi kingekuwa Mkwe, Binti na Mjukuu tu, wenye miguu mizima, wanaotaka magofu zaidi ya makanisa, nisingewapeleka Prati wala Termini. Ningewatafutia Monti, mtaa wa kale ulio kati ya Termini na Colosseum, wenye miinuko na mawe yale yale ya sampietrini. Kutoka huko wangekwenda Colosseum kwa miguu, na asubuhi ya meli wangevuta masanduku yao hadi Termini wenyewe, au wangeita gari kama siku hiyo ni ya mgomo.